Mhudumu Anayeomba Mabeseni Yasioshwe

Asubuhi wodi ya wanawake inanuka uji na dawa ya sakafu. Mwanamke mfupi mwenye glavu za mpira anasukuma toroli la mabeseni, na kila anapofika huangalia chini ya kitanda kwanza, ndipo amwangalie mgonjwa usoni. Wodi nzima inamwita Shangazi.

Kwenye kitanda cha dirishani, mama mmoja ameshafunga virago. Mke wa mwanawe aliletwa akichemka kwa homa ya dengue. Leo paji lake la uso limepoa.

"Shangazi, tuagane," anasema mama mkwe, uso umekunjuka. "Homa imekimbia. Na beseni lako nimeshaosha, nisikuachie uchafu wetu."

Shangazi analiinua beseni. Linang'aa.

"Ametapika tena?"

"Kidogo tu, lakini hajakoma tangu kuche. Analalamika tumbo. Gesi hiyo."

"Yalikuwa rangi gani, mama?"

"He! Matapishi nayo yana rangi ya kuulizwa? Unataka kuyashonea gauni?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili anacheka. Shangazi hacheki. Ameushika mkono wa yule binti wa dirishani, na mkono ni wa baridi, una jasho. Binti anajigeuzageuza. Akiitwa, anaguna tu.

"Kama machicha ya kahawa," mama mkwe anasema mwishowe. Sauti imemshuka.

Shangazi analiacha toroli katikati ya njia, anakwenda kumwita muuguzi.

"Watu wanaihofia homa ikipanda," muuguzi anaeleza baadaye, sindano ya dripu ikiwa imeshaingia. "Kwa dengue, homa ikishuka ndiyo ufumbue macho. Tumbo kuuma sana, kutapika mfululizo, damu kwenye fizi au puani, matapishi kama machicha ya kahawa, maana hiyo ni damu ya tumboni, mgonjwa kulegea au kukosa utulivu. Ukiona hata moja, hatuagani."

Shangazi alifundishwa hayo na wauguzi, lakini msiba ulikuwa umemtangulia. Mdogo wake wa kiume aliugua dengue nyumbani. Homa ilipomwachia, majirani wakaja kushukuru pamoja naye. Wifi, asiaibike mbele ya wageni, akafua mashuka na kusugua sakafu hadi ikatoa mwanga.

"Tulipomfikisha hospitali ameshazidiwa, daktari akauliza alikuwa anatapika nini," anasimulia. "Nyumba safi, hakuna aliyeyaangalia. Tulirudi na maiti."

Hamlaumu wifi yake. "Alifanya kama alivyolelewa. Mpaka leo akisikia harufu ya sabuni ya kufulia, anatoka nje."

Ndiyo maana mwanamke huyu anayelipwa kusafisha huzunguka akiwasihi ndugu wa wagonjwa wasisafishe. Wengi humcheka. Wengine humwona mvivu anayetafuta visingizio. Isitoshe, wodi ina vitanda ishirini na vinane na mabeseni tisa tu.

"Ukikaa na beseni chafu, mwenzio wa pembeni anaziba mdomo kwa kiganja akilisubiri," anasema. "Utaonekana mchoyo. Basi mtu analikimbiza bombani, na dalili inakwenda na maji."

Mchana binti amehamishiwa kitanda kilicho karibu na meza ya wauguzi. Damu yake imepimwa mara mbili, na daktari amerudi bila kuitwa. Mama mkwe amekaa kwenye benchi, virago mapajani, bado vimefungwa.

"Atapona?"

"Tunahangaika naye, mama," anajibu muuguzi. "Nikikuahidi nitakuwa nakudanganya."

"Saa hizi ningekuwa nimemfikisha nyumbani. Nimemfunika shuka safi..."

Shangazi anataka jambo moja: kila kitanda kiwe na beseni lake, lenye mfuniko, lisilomwagwa mpaka muuguzi aone. Ameliomba kwa wakubwa, akaambiwa litaangaliwa. Hajakaa akisubiri. Anayeruhusiwa kwenda nyumbani akiwa mzima, humwomba amwachie ndoo au beseni alilokuja nalo. Kwa njia hiyo ameshapata manne.

"Nikifikisha ishirini na nane, nitalala," anasema.

Pale mbele, binti anatapika tena. Mama mkwe anainuka, virago vinamwanguka. Analishika beseni kwa mikono miwili, anasita, anatazama upande wa bomba. Kisha analipeleka taratibu kwenye meza ya wauguzi, wazi, bila kulifunika.