Uzi Mwekundu, Mvua za Machi

Nilipokuwa mtoto kule kijijini Nambis, mvua za Machi zikianza hakuna aliyethubutu kuvaa nyekundu. Nyekundu huita radi. Hilo tulilijua kabla hatujajua kusoma. Sasa fikiria furaha na hofu yangu siku Madam Ileana, mwalimu wa kujitolea kutoka Romania, alipotufunga kila mmoja mkononi uzi uliosokotwa, mweupe na mwekundu.

"Kwetu tunavaa kuanzia tarehe moja mwezi wa tatu," alisema. "Ukiona mti umechanua, fungua uzi, ufunge kwenye tawi, uombe jambo moja."

Langu lilikuwa tayari: mama aache kazi ya hoteli kule mjini Katesh, arudi nyumbani. Wiki nzima nilirukaruka kama ndama, nikikagua kila mti njiani. Yote majani matupu.

Bibi alipouona ule uzi aliweka chini kibuyu cha maziwa. "Paskalina, kata hicho kitu. Wingu likija litakuona wewe kwanza."

"Bibi, madam amesema nisikate mpaka mti uchanue."

"Madam wako anajua mawingu ya kwao."

Nilikuwa na kichwa kigumu. Nikauficha ndani ya sweta.

Ijumaa tukitoka shule, mbingu ilichafuka ghafla. Radi ikapiga ng'ambo ya bonde. Wenzangu, ambao nyuzi zao zilishakatwa na wazazi, walinikimbia. Nikabaki peke yangu kando ya shamba la maharage yaliyoanza kutoa maua. Hayakuwa mti, lakini maua ni maua. Nikafungua uzi kwa meno, nikaufunga kwenye shina, nikafumbua mdomo niombe mama arudi. Kilichotoka ni, "Nifike kwa bibi."

Nilikutana naye njiani, amelowa chapachapa, anakuja kunifuata. Alinikagua mkono, akaniingiza ndani ya shuka lake.

Jikoni nililia kwa hasira: ombi langu moja nimelitupa kwenye maharage. Bibi alicheka hadi akashika mbavu.

"Na mama yako angerudi amkute nani?" akauliza.

Mama alirudi miaka miwili baadaye, bila uzi wowote. Habari ya nyekundu na radi sina hakika nayo mpaka leo, ila miavuli ya wanangu nimenunua ya bluu. Wanasoma shule ileile. Mwezi wa tatu wingu likijikusanya saa ya kutoka, naacha jembe shambani na kuwafuata njiani, na mdomoni sina ombi lingine: wafike.