Mgeni Aliyeulizia Samaki wa Veronika

Sina faida yoyote ya kukudanganya. Sikuwa nimelewa wala kuumwa. Nilikuwa nimeshanawa uso na viatu vya kazi viko mguuni. Haya yalinipata mimi, hapa Karatu, sebuleni kwangu, na anayetaka kucheka acheke sasa amalize.

Nafanya usafi wa vyumba kwenye loji moja huku juu, karibu na msitu wa Ngorongoro. Miaka ya kufuta vioo imeniharibu. Mdogo wangu Veronika, ninayeishi naye, hunitania kwamba nanyang'anya watu sahani kabla hawajamaliza kula.

Mwezi wa saba Veronika alikwenda kulazwa Moshi kwa ugonjwa wa tumbo. Akaniachia tangi lake la samaki, la kioo, lenye taa na hita. Ndani mlikuwa na kambare wadogo sita, hakuna aliyezidi kidole changu cha mwisho. Usidhani ni kambare wale wa kukaanga. Hawa kazi yao ni kubandika mdomo kwenye kioo na kulamba utando wa kijani, kutwa nzima, taratibu, mpaka anayewatazama anasinzia. "Kaka, wasishinde njaa," aliniambia akiwa ameshaingia garini.

Mimi nikaona aibu kwa kile kioo. Kijani kila mahali! Kila asubuhi nilizamisha mkono na sifongo, nikasugua pande zote nne mpaka tangi likang'aa. Kisha nikanyunyiza chakula cha dukani, vile vipande vyepesi vinavyoelea. Kambare hawakupanda kuvila. Nikasema njaa ikiwauma watakula. Baada ya wiki mbili nikamkuta mmoja amelala chali, amekufa, na wiki iliyofuata wakafa wengine wawili. Nikazidi kusugua, maana nilidhani uchafu ndio unaowaua.

Kila jioni Veronika alipiga simu. Wote wapo? Wote wapo. Nami nilimuuliza, umekula? Nimekula, kaka. Ungefanyaje wewe? Ungemwambia mgonjwa kitandani kwamba samaki wake wanakufa?

Asubuhi ninayoisimulia, nikiwa nasugua tangi kabla ya kwenda kazini, ukungu ulikuwa umeshuka mpaka chini, huoni hata mgomba wa uani. Nikainua macho nikaona mtu amesimama nje ya dirisha, mdomo wake karibu kabisa na kioo. Sikuogopa, na hilo linanishangaza mpaka leo. Mwili ulilegea tu, kama mtu aliye kwenye usingizi mtamu. Nikafungua mlango. Alikuwa mwanamke mtu mzima, amejitanda shuka la kijivu linalochuruzika maji. Nikamsalimu kwa Kiiraqw, "Saita," akaitikia kwa sauti ndogo, akaingia, akakaa kwenye kigoda kando ya tangi.

Kwetu mgeni haulizwi ametoka wapi kabla hajatia kitu mdomoni. Nikamwekea chai na makande ya jana. Hakugusa. Aliwatazama samaki muda mrefu, na wale watatu, niamini, wakaja upande wake wakabandika midomo pale uso wake ulipoelekea.

"Hawa wamekula?" akauliza.

Nikamjibu kwamba nawapa asubuhi na jioni, tena nawasafishia kila siku, aone walivyo safi.

"Umewasafishia. Mimi nimeuliza kama wamekula."

Akanishika mkono, akauweka tumboni mwake. Tumbo lilikuwa limeingia ndani kabisa, baridi kama jiwe la mtoni. Chini ya kiganja changu palikuwa panadunda vitu vitatu, vidogo, vya haraka, kila kimoja na mapigo yake. Nikauvuta mkono. Akainuka, akaingia kwenye ukungu bila kuaga. Nilimfuata mpaka kwenye uzio. Nyasi zilikuwa na umande mzima, hakuna aliyezikanyaga ila mimi. Niliporudi, chai ilikuwa imepoa, na juu yake utando mwembamba wa kijani. Alikuwa nani? Tangu utoto tulikatazwa kuwataja kwa jina wenye chemchemi, wale wakaao majini wasio watu, na leo pia sitawataja.

Nilikaa chini nikalia, mtu mzima. Kisha nikampigia Veronika.

"Nimekudanganya," nikamwambia. "Wamebaki watatu."

Nikamweleza nilivyosugua. Akasema polepole kwamba ule utando ndio ugali wao. Nifute kioo cha mbele tu, kwingine niache. Niweke mawe ya mtoni kwenye ndoo ya maji juani mpaka yaote kijani, niwatumbukizie kwa zamu. Nichovye kipande cha tango kwenye maji ya moto, kikishapoa nikifunge kwenye kijiko kizame, na nikitoe kabla hakijaoza. Nisiangalie kioo, niangalie matumbo. Nikadhani amemaliza.

"Kaka, na mimi nimekudanganya. Leo siku ya tano sijala. Kila kitu kinarudi. Sikutaka uache kazi uje."

Sikwenda kazini. Nilitumbukiza tango, nikapanda gari, alasiri nikawa Moshi. Kumbe alikuwa akiwaambia wauguzi kwamba ndugu zake wameshamlisha. Daktari alipofunua shuka, nikalitambua lile tumbo la yule mgeni. Wakamtundikia dripu, na daktari akaniambia kwamba siku mbili zaidi tungekuwa tunapanga mazishi.

Veronika yuko nyumbani sasa, ananenepa polepole. Kambare watatu ni wazima, matumbo yao ya mviringo. Ila kiganja changu cha kulia hakijawa sawa. Ukungu ukishuka kinadunda, mapigo matatu yasiyofuatana. Nimepimwa, wanasema sina ugonjwa. Asubuhi hizo siendi popote kabla sijamwona Veronika akimeza.

Basi nawe mwenye mtu wako mbali, akikwambia kwenye simu kwamba ameshakula, usimtakie usiku mwema ukalala. Nenda ukamwone. Mimi nilibahatika, nililetewa mgeni. Kwako huenda asije mtu.