Gari Jeupe Lisilo na Vitasa

Jamani, juzi niliaibika! Mimi nilitengeneza injini tu. Gari likarudi gereji yetu ya Wadi Kabir, huku Omani, kutoka kupigwa rangi: la Kimarekani, la miaka ya hamsini, viti viwili, paa limekunjwa, jeupe pe! Kucheki milango, haina vitasa! Mwenye gari yuko njiani kulichukua, jina la bosi wangu lichafuke? Nikamkunja shati fundi rangi.

"Otieno, vitasa umevipeleka wapi?"

"Wacha kelele, ndivyo lilivyo!"

"Unanifundisha magari mimi?"

Kumbe mwenye gari, mzee wa Kiomani, kasimama nyuma yangu. Akapitisha mkono juu ya mlango, akavuta kamba ya ndani, mlango ukafunguka taratibu.

"Halijapata kuwa na vitasa vya nje, mwanangu. Haya, mwachie mwenzio shati lake."