Aliyetushusha kwenye Treni ya Sinema

Mtu aliyekuwa akizisemea filamu katika ukumbi wetu wa zamani hapa Kolwezi amefariki wiki iliyopita, baada ya kuugua mapafu kwa muda mrefu. Habari aliniletea mdogo wangu wa mwisho. Alikuja na mtoto wake mgongoni, akasimama mlangoni bila kubisha, akasema, "Yaya, ule tata ya sinema alikufa." Yaya ndivyo tunavyomwita mkubwa wa kuzaliwa, kama tata alivyo baba au mzee, na mimi ndiye mkubwa kwetu. Niliketi. Machozi yalichelewa, kwa sababu kilichonijia kwanza kilikuwa hofu. Kila ninapomkumbuka mtu huyo, nyayo zangu huanza kupima sakafu, kama inashika au haishiki.

Vijana wanaosoma safu hii wameuona ukumbi ule ukiwa umefungwa kwa mabati, nao hudhani ni bohari. Ulijengwa zamani kwa ajili ya wafanyakazi wa migodi na familia zao. Ulikuwa na ukuta mweupe wa mbele uliopanda hadi darini, viti vya mbao vilivyopigiliwa sakafuni kwa mistari, na chumba kidogo cha juu kwa ajili ya mashine. Ulifungwa miaka mingi. Kisha yeye na rafiki yake mwendesha mashine wakapata ruhusa ya kuufungua kila Jumapili alasiri, kwa sababu katika kabati la chumba kile cha juu zilikuwa zimebaki filamu za zamani, nyeusi na nyeupe, zenye mikwaruzo kama mvua. Wengi walikuwa na televisheni nyumbani, lakini televisheni haikukufanya uinue kichwa. Pale ukutani uso wa mtu mmoja ulikuwa mkubwa kuliko nyumba yetu. Machozi yakimtoka unayaona yanavyoanza, unayafuata mpaka kidevuni, na ukumbi mzima unanyamaza pamoja nawe.

Lugha ya filamu zile hatukuielewa, na sauti yenyewe ilikuwa ikikwaruza. Ndiyo maana alikuwapo yeye. Alisimama chini ya ukuta ule, upande wa kulia, na kipaza sauti mkononi, akiwasemea wote: mwanamume, mwanamke, mtoto, hata farasi. Hakuwa anatafsiri, aliwahamishia watu wale kwetu. Mji wowote uliotokea aliupa jina la huku, na watazamaji walijua wajibu wao. Akitaja mahali mnakotoka, ninyi wa huko mnaitika, na wengine wanawacheka. Filamu iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya mama mmoja anayekimbia vita kwa treni, yeye na wanawe, katika nchi ya theluji. Kwetu treni ile ilitoka Kolwezi, ikapita Mutshatsha na Kasaji, ikaishia Dilolo mpakani. Mkaguzi wa tikiti alipotokea, mwenye masharubu, sauti ya rafiki yetu ilinenepa.

"Tikiti! We mama, tikiti iko wapi?"

"Chefu, hurumia mi. Niko na batoto, na baba yabo alibakia mu vita."

"Mwachie, we mubaya!" ukumbi ulifoka. "Mubaya na masharubu yake!"

Tulikuwa mayatima. Niliacha shule mapema ili wadogo zangu wawili, mvulana na huyu wa mwisho, wabaki nayo. Jumapili niliwapeleka sinema, kwa sababu ndipo mahali pekee nilipowaona wakicheka bila kwanza kunitazama usoni kuuliza kama inafaa. Walipenda mstari wa mbele kabisa. Mimi niliketi pembeni, karibu na pale aliposimama yeye, ili niwaone.

Ilikuwa katika miaka ambayo uchimbaji ulikuwa umeanza kuingia mitaani. Kabla ya hapo wachimbaji walikwenda milimani na kwenye mashapo ya zamani ya migodi. Kisha mtu mmoja akachimba choo kwenye lupango lake, yaani kiwanja cha nyumba, akakuta jiwe la rangi, lenye madini, na baada ya hapo kila ua ulianza kuzungushiwa turubai ili uchimbwe kwa siri. Nyuma ya ukumbi wetu, upande wa ule ukuta mweupe, palikuwa na ua wa namna hiyo. Shimo linashuka uani, lakini mwamba unakoelekea haujali ukuta wa jirani, na wachimbaji huufuata.

Jumapili hiyo treni ilikuwa inapanda mlima. Moshi ulijaa ukutani, na kukawa na mlio: tu, tu, tu. Watoto wa mbele walifurahi sana. Walidhani mashine imetengenezwa, kwamba sasa treni inasikika kama treni ya kweli, wakaanza kupiga miguu sakafuni kwa kuufuata mlio ule. Watu wazima wakaungana nao. Wadogo zangu walikuwa wamesimama, wanapiga miguu kwa nguvu zao zote, wanacheka. Mimi niliona vumbi kwenye saruji, mbele ya miguu yao, likiruka kama unga kwenye ungo. Treni ukutani ilisimama kupakia maji. Mlio haukusimama.

Nilimtazama yeye. Alikuwa anaitazama sakafu. Alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Alikifunika, akainama kwangu.

"Yaya, chini beko banachimba. Enda fungua mulango ya nyuma pande yote mbili, usimame pale. Usikimbie."

"Batoto yangu beko mbele, tata."

"Nimeona. Mulango ni ule mumoja tu. Ukikimbia, bote banakimbia, na ba mbele ndio banakanyangiwa. Enda pole pole. Mi nitakuletea batoto."

Msomaji, nimepita katika mambo mengi, na nimezika wazazi. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa katika kuutembea ukumbi ule kwa hatua za mtu anayetafuta karanga, nikiwaacha wadogo zangu nyuma yangu, juu ya sakafu inayoruka vumbi. Nyuma yangu nilisikia sauti yake imerudi kwenye kipaza sauti, nene, ya mkaguzi wa tikiti.

"Mutshatsha! Treni inafika Mutshatsha! Bantu ya mistari ya nyuma, ile ndio wagon yenu, munashuka! Inje kule kuko mama anauzisha munkoyo ya kunywa!"

Watu walicheka. "Bantu ya Mutshatsha banalala sikuzote," mmoja alipiga kelele, "bapitishe!"

"Sipitishi mutu! Anayelala namuvua viatu!"

Wakasimama. Hakuwa amewahi kuwatoa watu kwenye viti, na kwa sababu hiyo walidhani ni mchezo mpya. Walipita mbele yangu mlangoni wakisukumana kwa mabega na kutaniana, na mimi nilisimama nikiwa nimeishika mbao ya mlango, nikiwahesabia pumzi watoto wa watu wengine. Mlio uliendelea. Kisha akaita Kasaji, mistari ya katikati, nao wakatoka, kina mama wakilalamika kwamba filamu haijaisha. Mwisho akaita Dilolo, mstari wa mbele.

Watoto wa mbele walikuja wakikimbia, wote, isipokuwa wawili. Nyumbani kwetu kwa asili ni Kasaji. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa ameketi amekunja mikono, amemshika kaka yake kwa shati, na sauti yake ndogo ilinifikia katika ukumbi uliokuwa mtupu sasa.

"Siye hatuende Dilolo! Siye ni bantu ya Kasaji, na Kasaji ilishapita, hatukushuka. Tutangojea treni irudi."

Nilimwona yeye akiweka kipaza sauti chini. Alitembea pale mbele, juu ya saruji ile, polepole, kama mtu anayevuka daraja la kamba, huku akisema kwa sauti ya kawaida tu, "Ao! Batoto ya Kasaji balipitisha gare yabo! Chefu anarudisha treni. Muniletee mikono." Akawashika, mmoja huku, mmoja huku, akaja nao. Mdogo wangu alikuwa anamuuliza kama theluji inaumiza.

Ningependa kuwaambia kwamba sakafu ilianguka mara tu walipotoka, na watu wakambeba mabegani. Haikuanguka. Walisimama nje kwenye jua, filamu haijaisha, hakuna kilichotokea, na walipoelewa kwamba ameufunga mlango wakaanza kumtukana. Alipowaambia kinachochimbwa chini, walisema kila mahali kunachimbwa, hata chini ya kanisa, na hakuna aliyekufa. Mmoja alimwita Chefu ya Gare, yaani mkuu wa stesheni, na jina likamshika. Jumapili iliyofuata alikataa kufungua, na iliyofuata hiyo pia. Watoto walimfuata barabarani wakiigiza: "Mutshatsha! Munashuka!" Aliitika kwa kuinua kofia.

Nilimwendea nikamuuliza aliwezaje kusema vile, kwa utulivu ule. Alikuwa anakula bukari, ugali wa kwetu, akasukuma sahani upande wangu.

"Utulivu ya wapi, Yaya? Mi niliogopa mpaka suruali ilinishinda. Mi nasema kweli, usicheke."

"Sicheki, tata."

"Woga ilikuwa mu mwili yote. Ile sauti tu ndio nilipatia kazi ingine."

"Na sasa banakucheka."

"Wanicheke. Wafu ndio hawachekake mutu."

Baadaye, asubuhi ya siku ya kazi, ukumbi ukiwa mtupu, sakafu ya mbele ilizama na viti vyake. Wachimbaji walikuwa wamekwisha kuhama shimo lile. Watu walikwenda kuchungulia, wakashika vichwa, wakarudi nyumbani. Sikusikia hata mmoja aliyepita kwake kumwambia neno. Ila jina la Chefu ya Gare liliacha kutamkwa mbele yake.

Tangu siku zile mji umebadilika, na nikiwa mkweli, umebadilika kwenye masikio. Filamu tunazitazama kwenye simu, kila mtu peke yake, na vidude masikioni. Sisemi kwamba ni vibaya. Mimi pia ninavyo. Lakini katika ukumbi ule mtu mmoja aliposhtuka, mabega ya mstari mzima yalijua. Leo mlio ukianza chini ya nyumba, baba anaongeza sauti ya redio, mama anawaambia watoto ni jirani anatwanga. Tunajua sote si kinu. Tunanyamaza kwa sababu mwenye nyumba atakasirika, kwa sababu anayechimba ni mtoto wa dada, kwa sababu ukisema na kisha pasitokee kitu utaonekana mwoga. Siwalaumu wanaochimba, nimewalisha wengi wao, najua njaa inavyowashusha shimoni. Ninachoogopa ni unyamavu wa sisi tulio juu.

Kwenye kilio cha marehemu tulikaa chini ya turubai, uani, alasiri. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa pembeni yangu, ananyonyesha. Wanakwaya walipokuwa wakipumzika akaniinamia, akasema kama mtu anayeeleza bei ya nyanya, "Yaya, hata kwetu sasa kunagonga. Tulishazoea. Mutoto analala nayo muzuri."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua ilianza. Mwenye lupango anasema ni ba jirani."

"Mu chumba gani?"

"Mwetu mwa kulala." Akanitazama, akacheka. "Ao, Yaya! Ona uso. Weye unaogopaka kila kintu."

Ni kweli. Nimeogopa tangu wazazi walipoondoka: homa, barabara, maji, moto, watu. Nimejifunza kulificha jambo hilo kwa sababu mkubwa akitetemeka, wadogo wanavunjika. Lakini mwili wa mtu yule ulikuwa ndani ya nyumba, umelala, na mimi nilikuwa bado na sauti.

"Ndiyo, naogopa," nilimwambia. "Naogopa sana. Leo munahama, weye na bwana yako na mutoto."

"Tunahama kwenda wapi?"

"Kwangu. Mu salon ya bageni."

"Bwana yangu atakataa."

"Ongea naye. Akikataa, mi nitaketi mu mulango yake mpaka atoke kwa haya."

Alikataa, nami nikaenda kuketi. Jirani zake walitoka kunitazama. Waliniuliza kama nimeota, kama pasta wangu amenitabiria. Niliwaambia sina ndoto wala unabii, nina masikio tu, na kwamba wao pia wanayo. Shemeji alivumilia kidogo, kisha akabeba godoro kwa hasira, na jioni tulikuwa sote kwangu, tumebanana, mtoto analia kwa ugeni.

Hadi ninapoandika haya nyumba ile ingali imesimama. Shemeji huipitia kila anapotoka kazini, na akirudi huniambia kabla hata ya salamu, "Yaya, nyumba iko palepale." Mdogo wangu huficha mdomo kwa kitenge. Mtaani wameshanipa jina, na sitaliandika hapa kwa sababu mtalishika. Nimeliona somo ambalo marehemu aliliishi bila kulihubiri: anayesema mapema ataonekana mjinga kwa muda, na muda huo unaweza kuwa mrefu kuliko maisha yake. Basi na uwe mrefu. Naomba nyumba ile isimame, isimame na kuta zake na mlango wake, shemeji aipitie kila jioni aje kunizomea, na mimi nichekwe hivyo mpaka nizeeke.