Poshomili Ilipofunga Mdomo

Watu waliosoma husema kimya ni cha wazee na watawa. Mimi sikubaliani nao. Kimya ni haki ya mtu aliyekwisha kupiga kelele zake, na katika Kosele yote hakuna aliyepiga kelele kunizidi. Kwa hiyo nikizungumza habari za kimya, nyamaza unisikilize.

Shule niliiacha darasa la pili. Mwalimu alisema kichwa changu ni kigumu. Miaka haikuwa mingi, mke wake akawa anasimama kwenye foleni yangu na debe la mahindi, na kichwa kile kigumu ndicho kilichomsagia. Injini nilijifunza mgodini, upande wa Migori, nilikoajiriwa kupaka grisi. Hakuna aliyenifundisha, nilisimama karibu nazo mpaka zikanizoea. Wenzangu walisoma vitabu, mimi nilisoma injini, na nilisoma kwa masikio. Nikisimama mlangoni tu, kabla sijagusa spana, nilikuwa nakwambia beringi ipi itakufa kabla ya Jumapili.

Uhuru ulipoingia nilikuwa tayari na poshomili yangu mwenyewe, mashine ya kusaga nafaka. Niliinunua kwa Mhindi mmoja wa Homa Bay, ikapanda mpaka Kosele kwa gari la ng'ombe, na fundi wa kuifunga nilikuwa mimi. Nilikuwa pia mwenye mali, mkusanya pesa na mfukuza walevi.

Anayezijua poshomili za huku anajua habari ya mkebe. Ncha ya bomba la moshi huvalishwa mkebe uliotobolewa, na kila injini inapopumua, mkebe unalia. Hilo ndilo tangazo. Mama aliye mtoni akisikia, anajua mashine inafanya kazi, anajitwika mtama wake anakuja. Kila mkebe una sauti yake, na wanawake wa milimani walizijua sauti hizo kuliko walivyojua za waume zao. Wangu niliutoboa na kuutoboa tena mpaka ukalia kama fahali aliyemwona mwenzake. Na mwenye mashine akifa, mkebe unashushwa, unakaa chini mpaka azikwe. Ndiyo heshima yetu sisi watu wa mashine; bendera hatuna.

Nyumba niliijenga mgongo kwa mgongo na mashine, ukuta mmoja, ili mwizi wa dizeli anikute karibu. Humo ndani tuliongea kwa kupiga kelele. Nikiitisha chai, nilipiga kelele; mke wangu akijibu, niliona midomo yake ikitembea, nikaridhika. Hata kanisani nilizungumza kwa sauti ya mashine. Pasta akisema tuombe kimoyomoyo, mimi ndiye niliyesikika nikimweleza Mungu shida za dizeli. Waumini walidhani ni Roho Mtakatifu. Ulikuwa uziwi.

Nililijua hilo siku mke wangu alipotoka jikoni, mikono imejaa unga, akaniashiria kwamba mashine inakohoa. Nikamcheka. Nani angenieleza mimi habari za injini, tena kwa mwiko mkononi? Jua halijatua, beringi ikapasuka, mkanda ukaruka, ukamkosa mteja mmoja chupuchupu. Mke wangu alikuwa ameisikia kutoka jikoni. Mimi nilikuwa nimeiegemea.

Mtu wa vitabu akipofuka atasomewa. Mimi masikio yakifa, nani atanisikilizia injini? Ningerudi kulima mihogo kama wengine, na nilikuwa nimeshawatukana wote wenye mashamba ya mihogo.

Nikaenda Homa Bay, hospitalini. Dresa, msaidizi wa daktari, alikuwa kijana ambaye ndevu zake zilikuwa bado zinashauriana kama zitoke. Akanimulika masikio kwa tochi, akachokoa unga uliotosha uji wa mtoto, kisha akaniwekea saa yake ya mkono sikioni, kulia halafu kushoto. Nikamwambia saa yake imekufa. Akanionyesha mshale unavyokimbia. Akaniinamia akaeleza kwa nguvu kwamba masikio yangu yamechoka lakini pengine hayajafa. Kwamba yanataka kimya mpaka mwezi mwingine uandame, bila mashine, bila ngoma, bila makelele ya watu. Yakirudi, nimshukuru Mungu. Yasiporudi, nitafute kazi ya macho.

"Mashine haifungwi, daktari," nikasema. "Watu watasema nini?"

"Watasema wanachotaka, mzee. Wewe hutawasikia."

Nikampenda yule kijana. Nikarudi nikafunga mashine.

Mwanzoni kimya kilinitesa. Masikio yalivuma kama mzinga wa nyuki uliopigwa teke. Nilikaa nyuma ya nyumba, upande wa jikoni, mahali ambapo mpita njia hangeniona nimenyamaza. Jina langu lilikuwa limejengwa juu ya kelele, sikutaka litiwe doa. Lakini nyuki wale wakaanza kuhama. Asubuhi moja nikasikia kitu kinagonga polepole, pwu, pwu, kama mzee anayevuta kiko. Nikazunguka boma nikitafuta. Kilikuwa uji jikoni. Miaka yote hiyo nilikuwa nakunywa uji bila kujua kwamba una sauti. Siku nyingine nikasikia kuku akiparua. Nikasikia baiskeli ikishuka mteremko, mnyororo umelegea, nikajua ni ya karani wa soko na kwamba hajaitia mafuta tangu tupate Uhuru. Nikasikia mvua ikija kutoka upande wa ziwa, ikapiga mabati ya wengine kwanza, kisha yangu.

Wacha nikwambie. Tajiri hula nyama, nyama nimekula. Tajiri huvaa koti, makoti ninayo. Lakini kukaa umenyamaza, uji unachemka na hakuna mtu anayekuita, huo utajiri nilikuwa sijauonja, na naamini Mhindi wa Homa Bay mwenyewe hakuwa nao.

Na nikamsikia mke wangu. Niliitisha chai kama kawaida, kwa sauti ya mashine. Naye, hajageuka hata, akajibu kwa sauti yake ya kila siku kwamba chai italetwa na mama yangu mzazi akifufuka. Kisha akaniletea, kwa adabu, akipiga goti. Ndipo nikaelewa: miaka yote ile midomo ilipokuwa inatembea, haikuwa inasema "ndiyo, baba". Sikumwambia kwamba nimesikia. Niliendelea kunywa. Katika siku zile nilijifunza kwamba nakoroma kama ngiri, kwamba nikiimba kanisani ng'ombe wa pasta hukataa kukamuliwa, na kwamba mimi ni jogoo anayedhani jua huchomoza kumsalimu. Nilikuwa naingia chumbani, najifunika shuka, nacheka mpaka machozi yanatoka.

Ila masikio yalikuwa bado na hila. Sauti ya karibu yalishika, ya mbali ikapotea; leo yapo, kesho yamelala. Mwezi ulikuwa haujaandama, na mke wangu kila asubuhi alinitazama usoni kama mtu anayetazama mawingu.

Sasa, mimi sijui kukaa bure. Siku moja nikaushusha ule mkebe niusugue kutu, nikauacha chini kwenye jua.

Milima ikaona bomba liko uchi. Mashine imenyamaza siku zote hizo, mwenyewe haonekani, na sasa mkebe uko chini. Nani angehitaji kuelezwa zaidi? Kabla ya saa sita walikuwa barabarani. Wanawake mbele, mikono kichwani, wakilia. Wanaume nyuma na ng'ombe na pembe za kupuliza, kama tunavyomlilia mtu mwenye mali. Mke wangu akatoka mbio kuwaambia sijafa. Wakamkumbatia, wakasema maskini, huzuni imempanda kichwani. Mjane akikataa kifo, huku kwetu ndipo tunazidi kulia.

Mimi nilikuwa ndani. Nilitaka kutoka, nikakumbuka dresa: bila ngoma, bila makelele. Na nikitoka nikiwa hai wangepiga makelele maradufu. Nikaingia chumbani, nikajifunika blanketi, nikabana masikio kwa viganja kama mtu anayeficha mayai wakati wa mvua ya mawe.

Lakini, msomaji, wewe ungeweza? Ukililiwa hutataka kusikia hata kidogo? Nikalegeza kiganja kimoja. Mama mmoja alikuwa anaimba kwamba simba wa Kosele amelala, nani atatusagia tena, unga wake ulikuwa na mchanga lakini ulikuwa karibu. Rika langu mmoja alitangaza kwamba nilikuwa mkarimu, akasita, akasema basi, nilikuwa mchapakazi. Nikabana tena.

Baadaye machozi yakaisha, kama yanavyoisha palipo na jua kali, nami nikaitoa mikono masikioni. Watu wakakaa chini wakingoja kuona kama kuna chakula. Hapo ndipo alipokuja mwenye poshomili ya bondeni, ambaye mkebe wake ulilia kama mbuzi mwenye mafua. Mke wangu akamwambia hapo uwanjani kuna watu wengi, wasogee huku, karibu na dirisha. Dirisha la chumba changu. Nilisikia nyayo zikikanyaga kokoto. Yule bwana akashusha sauti mpaka ikawa chini ya pumzi.

"Shemeji, pole. Leo si siku ya kusema mambo ya mali. Lakini ukija kuongea na mtu habari ya injini hiyo, ongea na mimi kwanza."

"Injini peke yake, au na mkebe?" mke wangu akanong'ona.

"Na mkebe. Na wateja."

Alinong'ona. Ukuta ulikuwa kati yetu, na mimi nilisikia kila neno, hata mate aliyoyameza kabla ya kusema "wateja". Nikakaa kitandani. Niliitazama mikono yangu, nikaiweka magotini. Kisha nikafungua dirisha.

"Haiuzwi, omera, ndugu yangu," nikamwambia, kwa sauti ndogo kabisa.

Hakupiga kelele. Alikaa chini, pale pale, juu ya kokoto. Walioniona wakanyamaza, na wasioniona wakawageukia waliokuwa wamenyamaza, nao wakanyamaza. Watu wote wale, na ng'ombe wao. Nilikuwa nasikia ng'ombe mmoja akicheua. Nimewahi kushangiliwa maishani, mara nyingi, lakini sijawahi kupewa kimya kikubwa namna ile, na sidhani kuna chifu aliyepewa.

Wazee wakasema machozi yaliyomwagwa kwa mtu aliye hai hayawezi kuondoka hivi hivi, lazima watu walishwe. Nikatoa fahali. Nikaweka sharti moja: atakayepandisha sauti anarudi na njaa yake. Watu wakala wameinama, wakiombana chumvi kwa vidole. Pasta aliposimama kuombea chakula nikamwonyesha kwa ishara aombe kimoyomoyo, na safari hii hata mimi nilinyamaza.

Mashine niliihamishia ng'ambo ya barabara, na jua likifika utosini naizima kwa muda hata kama foleni ni ndefu. Wateja hununa. Wanune, mwenye kimya ni mimi.

Jioni ya siku ile niliyoliliwa, watu walipoondoka, nilikaa jikoni na mke wangu nikamwuliza kwa nini alimleta mtu yule mpaka dirishani pangu. Alikuwa anapika sima. Akasema kila asubuhi alikuwa ananiangalia na hajui kama masikio yanarudi au nadanganya kwa ajili ya kiburi.

"Nikaona nikujaribu," akasema. "Ukiitwa kula unaweza usisikie. Ukiitwa kanisani hutasikia. Lakini mtu akinong'ona anataka mali yako, baba, na ukae kimya, basi ningejua yamekufa kweli, tungetafuta majembe."

Nikamwuliza, je, kama nisingefungua dirisha, angeiuza? Aliongeza unga. Aliendelea kusonga, nami nikakaa nikisikiliza mwiko ukizunguka sufuriani.