Rula Niliyoikausha kwenye Hita

Mashine yangu kuukuu ya kukereza chuma ilikuwa imelika kitanda, yale mapito ambayo kisu husafiri juu yake, na kila fimbo niliyokereza ilitoka nene upande mmoja. Fundi mmoja Mzanzibari wa mtaa wa Woolwich akanisagia kitanda upya. Mashine nyingine sina, kwa hiyo nilikwenda na rula yangu ya chuma kuihakiki kazi yake.

Niliipaka rula rangi ya buluu, nikaiburuza juu ya kitanda. Rangi hiyo huachia alama pale tu vyuma vinapogusana, nayo ilishika katikati tu.

“Ami, hakijanyooka!” nikamlalamikia fundi.

“Hiyo rula ulikuwa umeiweka wapi?”

“Kwenye hita yako. Ililowa mvua njiani.”

Alicheka mpaka akakaa. “Msomi mzima! Umeipasha moto upande mmoja, imepinda, halafu waniletea kesi. Iache ipoe, unywe chai.”

Sikumwamini, lakini nilikunywa. Rula ilipopoa nikarudia. Buluu ikatapakaa kutoka mwanzo hadi mwisho! Nikapima tena, nikapima mshazari. Kimenyooka kabisa!

“Umeridhika?”

“Bado,” nikasema, shati langu zima likiwa buluu kwa kukikumbatia kitanda.