Gari Lililozoea Abiria

"Sikilizeni nyote!" fundi alitangaza siku alipoagwa kwenye karakana ya mabasi, kipaza sauti mkononi, soda ya tatu tumboni. "Gari langu nitaliunda mwenyewe kwa mikono hii, na nikikanyaga breki, litasimama kama limepigiwa msumari!"

Watu walishangilia. Mkewe, mshona sare za shule, alipiga makofi mawili ya adabu. Hakujua kwamba msumari wenyewe ungepigwa kwenye banda lake.

Banda hilo la ubavuni mwa nyumba lilikuwa liwe la meza ya kukatia vitambaa. Badala yake ikaingia fremu, yakafuata makasha ya vipande na bodi ya plastiki ngumu, vyote vimenunuliwa kwa bwana mmoja aliyeanza kuliunga gari hilo akakata tamaa katikati. Mshonaji akaendelea kukatia sare kitandani, amepiga magoti, hadi kiuno kikawa kinamwamsha kabla ya jogoo. Siku moja, kwa usingizi, alikata kaptura pamoja na shuka.

Na afadhali angekuwa mtazamaji tu. Kutoa hewa kwenye mabomba ya breki ni kazi ya watu wawili, na mtu wa pili alikuwa yeye.

"Kanyaga, mama watoto!" sauti ilitoka chini ya gari.

"Nimekanyaga."

"Shikilia!"

"Nimeshikilia. Mboga inaungua."

"Usiachie bado!"

Hakuachia. Mboga ikaungua. Katika nyumba ile watu walizoea mboga yenye ladha ya breki.

Gari lenyewe lilikwisha zamani. Lilitembea, likapiga honi, likawasha taa. Kilichobaki ni kupatanisha breki za mbele na za nyuma, na hizo zilikuwa kama mawifi wawili jiko moja. Kwenye pedali kulikuwa na kijiti cha chuma chenye nyuzi kama parafujo: kizungushe upande huu, breki za mbele zinashika zaidi, upande ule, za nyuma. Kila jioni fundi alikizungusha kidogo, akatoka barabarani kujaribu.

Hakuwahi kutoka peke yake. Akiwasha tu, kaka wa mkewe alishafika, mtu mwenye kilo za kutosha ukoo mzima, na majirani wawili nyuma yake. Wote walijibana kiti cha nyuma.

"Shemeji, likisimama utaniambia?"

"Hutaambiwa. Utaona meno yako kwenye kisogo changu."

"Twende basi, dereva, huku nyuma tumejaa!"

Walirudi wakicheka, wamejaa vumbi. Fundi alishuka akiimba. Mshonaji aliwasikia kutoka kitandani, pini mdomoni, na hakuwa hata na nguvu za kukasirika vizuri.

Mwishowe alichoka kuchoka.

"Shule zikifunguliwa," alisema bila kuinua macho kwenye mkasi, "ama gari limepita ukaguzi, ama linatoka bandani. Sikatii tena sare kitandani."

"Mama watoto, limebaki breki tu."

"Tangu lini limebaki breki tu?"

Fundi akatafuta spana ambayo tayari alikuwa ameishika.

Siku ya ukaguzi walikwenda wote, abiria wa nyuma wamevaa mashati ya kupiga pasi. Mkaguzi alikuwa dada mmoja mwembamba mwenye buti kubwa. Alilizunguka gari, akagongagonga, akaridhika. Kisha akasema, "Haya, abiria wote chini. Dereva abaki peke yake."

"Peke yangu?" fundi aliuliza, kama aliyeambiwa avue nguo.

"Kwani unalala nao? Njoo kwa kasi, ukifika kwenye mstari ukanyage."

Alikuja kwa kasi. Akakanyaga. Matairi ya nyuma, yasiyo na mtu wa kuyakandamiza, yakaganda kabla ya yale ya mbele, mkia ukateleza, gari likazunguka zima zima na kutulia likitazama lilikotoka.

"Mzee wangu," mkaguzi alisema, akiandika, "nilikwambia usimame. Sikusema urudi nyumbani."

Kaka mtu alianza kucheka, akaona uso wa dada yake mshonaji, akakohoa.

Jioni hiyo fundi aliketi ukingoni mwa kitanda, kati ya kola na mifuko. Mkewe alijua atakachoomba: muda mwingine. Alishaandaa na jibu. Lilikuwa ndiyo, maana hapana ilihitaji kusimama.

"Nilikuwa najaribu likiwa limejaa," fundi alisema. "Nyuma kukiwa kuzito breki za nyuma zinakosa nguvu, basi nikaziongezea, nikaziongezea. Likiwa tupu zinazidi."

"Si ukizungushe kile kijiti kirudi?"

"Kinarudi. Lakini mwenzangu wa karakana aliniambia toka mwanzo: lijaribu tupu. Nilisikia."

"Sasa?"

"Likiwa tupu halina raha." Alijifuta uso kwa kipande cha sketi. "Nimechoka, mama watoto. Litoe tu."

Ile ndiyo aliyoiandaa haikuwa na kazi tena. Akaondoa kola pembeni ili mumewe apate pa kulala, akajilaza kando yake, kwa sababu na yeye alikuwa amechoka.

Gari lilinunuliwa na mpiga picha wa mtaa wa pili, ambaye hakuulizia breki hata kidogo. Alilisukuma mpaka mbele ya studio yake, akaliwekea matofali chini, akalipaka rangi nyekundu. Meza ya kukatia ikaingia bandani. Wiki ya kwanza mshonaji alikatia hapo sare akiwa wima, na kiuno kikaendelea kuuma vilevile, sasa kwa mazoea.

Kwa mpiga picha sasa, picha moja, umekaa ndani ya gari, ni shilingi elfu tatu.